Mita 60 kutoka Maji Yapi? Kisa cha Majaruba ya Chumvi katika Kijiji Kimoja cha Pwani ya Tanga

Nyuma ya mikoko ya kijiji hiki kuna uwanda mweupe usioota kitu isipokuwa vijimea vifupi vyenye majani manene, na mtu akiupita siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, ataapa kwamba bahari haijawahi kuukanyaga. Udongo umepasuka vipande vipande kama kigae, kaa wadogo wamejifukia mashimoni, na njia ya baiskeli inayotoka shuleni kwenda diko imeukata katikati. Siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka, uwanda huohuo huwa maji matupu, yametulia, yanafika magotini mwa mtu mzima, na watoto wa shule huzunguka kwa njia ya juu kwenye minazi. Kisa ninachokichambua hapa kilisimama juu ya tofauti ya siku hizo mbili. Nilikishuhudia nikiwa katibu wa kamati ya wanakijiji iliyopinga mipaka ya mradi, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba sikuwa mtazamaji wa kando. Kijiji, halmashauri na kampuni sivitaji, kwa kuwa wahusika wote wangali wanaishi na kufanya kazi pamoja.

Mradi wenyewe ulikuwa wa majaruba ya chumvi, yaani vibwawa ambamo maji ya bahari hukaushwa kwa jua. Kampuni ya wazawa iliomba uwanda wote, pamoja na ukanda wa mchu, mojawapo ya aina za mikoko, ulio pembeni yake, ili ijenge matuta ya udongo, hodhi la kuhifadhia maji ya bahari, majaruba ya kukolezea na majaruba ya kuvunia. Haki inanitaka niseme kwamba wazo lenyewe halikuwa baya. Pwani ya Tanga imepika chumvi kwa moto kwa muda mrefu, na kuni za kupikia zilikuwa mikoko hiyohiyo. Chumvi ya jua haichomi mti hata mmoja, na kijiji ambacho vijana wake wanakwenda mjini kubeba mizigo bandarini hakiwezi kuidharau ajira ya kukokota na kufungasha chumvi. Waliounga mkono mradi hawakuwa wasaliti, ingawa katika miezi ya mwanzo neno hilo lilitajwa barazani mara nyingi kuliko ilivyostahili. Shida ilikuwa mahali ambapo matuta yangepita, na jinsi mahali hapo palivyopatikana.

Tuanze na jinsi palivyopatikana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya kwanza ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano uliitishwa, hilo halina ubishi. Tangazo lililobandikwa kwenye mbao za ofisi ya mtendaji lilisema ajenda ni maendeleo ya kijiji, kisha mengineyo. Watu walikuja, mwakilishi wa kampuni akaeleza kwa lugha nzuri, maswali mawili matatu yakaulizwa kuhusu mishahara, na wakati hayo yakiendelea karatasi ya mahudhurio ikawa inapita mkono kwa mkono, huyu akitia sahihi, yule akiweka alama ya dole gumba. Hapakuwa na kura. Hapakuwa hata na swali la kuuliza nani anakubali na nani anakataa. Baadaye, nakala ya muhtasari ilipotufikia, tulikuta sentensi moja inayosema kwamba wananchi waliohudhuria waliridhia kwa kauli moja eneo litolewe, na kiambatisho chake kilikuwa ileile karatasi ya mahudhurio.

Niliishika karatasi hiyo kwa muda mrefu. Majina yalikuwa ya kweli, sahihi zilikuwa za kweli, hakuna aliyeghushi chochote. Hapo ndipo ugumu ulipolala, maana ukishindwa kuonyesha wizi, watu hukuuliza unalalamikia nini. Kuhudhuria kuligeuzwa kuridhia kwa kuambatishwa tu nyuma ya sentensi ambayo mkutano haukuisikia ikisomwa. Mama mmoja ambaye dole lake lilikuwa la nne kutoka juu aliondoka kabla mgeni hajasimama kuzungumza, kwa sababu maji yalikuwa yanapwa na yeye huchokoa chaza; aliweka dole ili aonekane alifika, kama anavyofanya siku zote ili asinyimwe huduma akihitaji barua ya mtendaji. Sidhani kama kuna mtu wa pwani, au hata wa bara, anayesoma haya na hajawahi kutia sahihi karatasi ya namna hiyo.

Malalamiko ya kwanza hayakugusa jambo hili hata kidogo. Yaliandikwa na vijana wetu wanaosoma na kufanya kazi mjini, kwa moyo safi na kwa haraka, na yalipata sahihi nyingi. Yalisema kwamba mradi ungeangamiza mazalia ya silikanti, samaki wa kale ambaye jina la Tanga limesifika duniani kwa ajili yake. Nimeirudia barua hiyo mara kadhaa, na bado naona uchungu, kwa sababu ilikuwa sentensi nzuri na haikuwa kweli.

Silikanti alidhaniwa kuwa ametoweka tangu zama za dinosaria, hadi mmoja aliponaswa karibu na East London, Afrika Kusini, mwezi Desemba mwaka 1938. Kwetu Tanzania alianza kuonekana mwaka 2003, na kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Tanga wakawa wanamnasa mara kwa mara katika jarife la papa lililotegwa chini sana. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, inayoanzia kaskazini kidogo ya Jiji la Tanga na kushuka hadi karibu na mdomo wa Mto Pangani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni jamii ya pekee kinasaba, na mwingine wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba samaki huyu huweza kuishi miaka 100 hivi na kubeba mimba kwa takribani miaka 5. Ni kiumbe anayestahili kila heshima anayopewa. Lakini makao yake ni kwenye miteremko ya miamba chini ya bahari, makumi ya mita na zaidi kwenda chini, gizani, wala haingii kwenye tope la mikoko ambako maji yakipwa mtu hutembea kwa miguu. Zaidi ya hayo, kijiji chetu kiko nje ya mipaka ya hifadhi hiyo.

Mtaalamu wa halmashauri alijibu kwa aya moja, naye alijibu sawasawa. Alieleza samaki huyo anaishi wapi, akaonyesha kwamba uwanda hauko ndani ya hifadhi, akahitimisha kwamba hoja za walalamikaji hazina msingi wa kisayansi. Barua ile ilikuwa na hoja nyingine tano, na mbili kati yake zilikuwa nzito kwelikweli, lakini zilizama pamoja na silikanti. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, kila tulipofungua mdomo katika ofisi yoyote, tuliitwa watu wa samaki. Ninaona hili ndilo kosa kubwa kuliko yote tuliyoyafanya, na liliwagharimu watu ambao hawakuiandika barua hiyo wala kuisoma, wale wanaojua kwa macho yao kwamba uwanda ule una viumbe wake wa kutosha bila kumwazima wa kilindini. Wapo kaa koko wanaochimba kwenye kingo za mikondo. Wapo kamba ambao huingia wakiwa wadogo kama punje ya mchele, wakakulia kwenye mizizi. Wapo yangeyange, na wapo ndege wa matopeni wanaohamia kwetu kutoka kaskazini ya mbali wakati wa kaskazi, ambao bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, likifunika fukwe hawana pa kusimama isipokuwa kingo za uwanda huo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuzunguka ofisi. Mikoko ni msitu wa hifadhi na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, lakini uwanda hauna miti, kwa hiyo tuliambiwa suala si la misitu. Uvuvi ni wa idara nyingine, lakini hakuna anayevua pale siku zote, kwa hiyo si la uvuvi. Mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji uliuandika uwanda kuwa ardhi isiyotumika. Hapa sina wa kumlaumu, kwa kuwa kila afisa alisoma kifungu chake kwa uaminifu. Mahali penyewe ndipo palipokuwa katikati ya majina. Ardhi ikiwa bahari siku chache za mwezi na nchi kavu siku nyingine zote, hakuna rejista inayoikubali.

Kilichobadilisha mwelekeo wa shauri hili kilitoka kwa yule mama wa dole la nne, siku ambayo mpima na Afisa Mazingira walikuja kutuonyesha alama za mipaka. Tulikuwa tumesimama kwenye bikoni ya tatu, upande wa baharini. Mpima, kijana mstaarabu, alikuwa anatueleza kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo wa bahari, ndani ya mita 60, na kwamba yeye alizipima mita hizo kwa uangalifu kutoka mahali maji yalipofikia yalipojaa, akaongeza na nyingine kumi. Mama akamsogelea na ndoo yake ya chaza mkononi.

“Shikamoo, mama,” kijana akasema.

“Marahaba, mwanangu. Alama hii mliiweka lini?”

Akamtajia tarehe.

“Hiyo ni tarehe ya ofisini. Mwezi ulikuwa umeandama siku ngapi?”

Kijana hakujua. Akatoa simu, akatafuta, akahesabu kwa vidole, kisha akasema ilikuwa mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi kuandama. Mama hakusema neno jingine. Alitikisa kichwa, akaelekea zake kwenye minazi, na wavuvi waliokuwapo wakaangaliana, kwa sababu mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba mwezi nane ni maji mafu. Bahari hujaa, ndiyo, lakini hujaa kwa uvivu. Yale ndiyo majaa madogo kuliko yote ya nusu mwezi.

Nieleze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa shauri zima lilikuja kuegemea hapa. Katika pwani yetu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, na ule ujazo wa bamvua huweza kupanda karibu mita 1 juu ya ujazo wa maji mafu. Kwenye ufuo wenye mwinuko mkali, mita 1 ya kimo ni hatua mbili tatu tu za miguu, na hapo kupima mwezi nane au mwezi kumi na sita hakuleti tofauti ya maana. Uwanda wa nyuma ya mikoko si ufuo wa namna hiyo. Pale ambapo nchi inainuka mita 1 katika kila mita 100, ile mita moja ya kimo ni mita 100 za kutembea. Kwa hiyo mpima angeweza kuweka mita zake 60, akaongeza kumi za hisani kama alivyofanya, na bikoni bado ingekuwa ndani ya bahari ya juma lililofuata. Kipimo kilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni siku.

Tuliamua kuacha kuandika barua na kuanza kuchomeka vijiti. Tulikata mianzi kwenye mashamba ya juu (tulikataa kwa makusudi kutumia boriti za mikandaa, maana tusingeweza kuwalaumu wengine kwa kukata mikoko huku vielelezo vyetu vimekatwa humohumo), tukaipaka rangi, na tukangoja. Bamvua la mwezi mwandamo, watu kumi na mmoja waliingia uwandani kabla ya maji kufika kikomo, wakajipanga kwa umbali, na kila mmoja akachomeka mti wake pale ambapo ukingo wa maji ulisimama na kuanza kurudi. Tulifanya hivyo tena mwezi ulipopevuka. Mara ya tatu tulisubiri hadi bamvua kubwa la mwezi Machi, wakati usiku na mchana vinalingana, kwa kuwa wazee walisisitiza kwamba pasipo hilo watu watasema hatujaiona bahari yote. Kila mti ulipigwa picha kwa simu inayorekodi mahali, na saa ya kila picha tukailinganisha na jedwali la maji kujaa na kupwa linalotumika bandarini.

Jambo moja katika kazi hii nalihesabu kuwa la thamani kuliko picha zote. Mwenyekiti wa BMU yetu, kikundi cha kijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi, alikataa kuanza mpaka upande wa pili uwepo. Tukamwendea kijana aliyeajiriwa na kampuni kulinda eneo, mtoto wa kijijini hapohapo ambaye alikuwa anautaka mradi na hakuficha, tukamwomba achomeke mti wake mwenyewe mahali anapopaona yeye, kisha atie sahihi kwenye daftari pamoja na mtendaji. Mara ya kwanza alikuja kwa shingo upande. Mara ya tatu, usiku wa kuamkia siku ya bamvua la Machi, ni yeye aliyetuamsha kwa simu kwamba maji yameanza kuingia mkondo wa kaskazini. Mti wake ulikuwa juu ya bikoni mbili kati ya nne, upande wa nchi kavu, na ndio tuliouonyesha wa kwanza kila tulikokwenda.

Wazee walisaidia kwa namna nyingine, kwa kutukumbusha Maziwe. Kisiwa hicho cha mbele ya Pangani kilikuwa na mivinje na kilisifika kwa kasa waliopanda kutaga. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, bahari ikaula, na leo ni fungu linalofunikwa maji yakijaa. Wapo wazee waliokanyaga kivuli cha mivinje ile wakiwa vijana. Hatukuliandika hili kwenye hoja zetu, kwa kuwa kisiwa cha mchanga na uwanda wa tope ni vitu viwili na tulikwisha kujifunza gharama ya mfano usiofaa; lakini lilieleza kwa nini watu wa umri wao waliweza kukesha kwenye maji ya magoti kwa ajili ya vijiti vya mianzi.

Vijiti peke yake visingetosha. Kampuni ingeweza kusema, na ilianza kusema, kwamba maji ya bamvua ni tukio la nadra na hayaufanyi uwanda kuwa bahari. Maelezo ya mradi yaliyowasilishwa halmashauri yalikuwa yameandika wazi kwamba eneo ni kame na haliathiriwi na maji kujaa, na kwa maelezo hayo mradi uliwekwa katika kundi la miradi midogo isiyolazimika kufanyiwa tathmini kamili ya athari kwa mazingira. Tuliomba nakala yake kupitia kwa diwani. Ilipokuja tuliisoma kurasa zote na hatukuona kitu, sisi tuliosoma. Aliyeona ni fundi mmoja wa kijijini ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye majaruba ya chumvi ya mbali na kwetu, akijenga matuta na kufungua malango. Hakujishughulisha na maneno. Alifungua mchoro wa mwisho, akaupitisha kidole kuanzia upande wa bahari, akauliza:

“Mashine ya kusukuma maji iko wapi humu?”

Haikuwapo. Kulikuwa na lango la mbao kwenye tuta la nje, na pembeni yake maandishi madogo yanayoeleza kwamba hodhi litajazwa na bamvua mara mbili kwa mwezi. Fundi alitueleza kwa subira kama anayewafundisha wanagenzi: jaruba la chumvi la namna hii huishi kwa bamvua, lango hufunguliwa maji yakiwa juu kabisa, hufungwa kabla hayajarudi, kisha jua hufanya kazi yake kutoka jaruba hadi jaruba mpaka chumvi ianguke. Mahali ambapo bamvua halifiki, lango hilo ni mbao tu. Kwa hiyo karatasi moja, iliyotiwa sahihi na mtu mmoja, ilisema katika ukurasa wa mwanzo kwamba maji hayafiki na katika ukurasa wa mwisho kwamba maji yatafika mara mbili kila mwezi bila gharama. Hatukuhitaji tena kumthibitishia mtu yeyote kwamba uwanda ni wa bahari. Kampuni ilikuwa imekwisha kuthibitisha, na ilikuwa inautaka kwa sababu hiyohiyo.

Barua yetu ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Ilikuwa na vitu vitatu tu: muhtasari wa mkutano pamoja na swali la kura iko wapi, ramani ya vijiti pamoja na sahihi za pande zote mbili, na nakala ya mchoro wenye lango. Haikumtaja samaki yeyote. Iliomba Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira ya halmashauri ije uwandani, na ikapendekeza tarehe mbili, zote za bamvua. Walikuja katika ya pili. Gari lilisimama chini ya minazi, madiwani wakatembea hadi kwenye mti wa mlinzi, na hapo wakakuta maji. Diwani mmoja aliyekuwa mtetezi mkubwa wa mradi alivua viatu, akaingia hadi kwenye bikoni ya tatu, akasimama pembeni yake maji yakiwa katikati ya muundi, akauliza mpima kama hii ndiyo alama yenyewe. Kijana akajibu kwamba ndiyo, kisha akaongeza bila kulazimishwa na mtu kwamba aliiweka maji mafu na kwamba angeomba ruhusa ya kupima upya. Nilimheshimu sana kwa neno hilo, na ninamheshimu hadi leo.

Uamuzi uliotoka haukuwa ushindi wa upande mmoja, na ni vizuri usielezwe hivyo. Mita 60 zilipimwa upya kutoka alama ya bamvua kubwa. Mikondo miwili inayolisha mikoko iliondolewa katika eneo la mradi ili isizibwe na tuta. Kampuni ilitakiwa kusajili mradi upya kwa maelezo sahihi na kufanyiwa tathmini ya kiwango cha juu zaidi, hasa kuhusu yale maji machungu yanayobaki chumvi ikishavunwa, ambayo yakimwagwa mkondoni siku ya maji mafu hukaa palepale na kuua kila kilichomo. Ilibakiwa na eneo dogo la juu, ambalo litahitaji mashine ya kusukuma maji. Ajira zilizoahidiwa zilipungua kwa kiasi kikubwa.

Wapo vijana ambao hawajatusamehe kwa hilo, na sioni kwamba wana makosa. Tuliwaahidi kwamba badala ya chumvi tungeanzisha unenepeshaji wa kaa katika vizimba vya mikokoni. Vizimba viwili vilijengwa. Tukagundua kwamba kaa wachanga wa kuweka humo ni lazima wakamatwe kwenye mikoko hiyohiyo, na chakula chao ni samaki ambao mama wa nyumbani angewapika, na mpaka sasa hesabu haijakaa sawa. Anayepinga mradi kijijini anabeba deni la riziki ya watu, na deni hilo kwetu bado halijalipwa.

Ukanda wa mchu pia haukurudi. Sehemu yake ilikwisha kukatwa kwa ajili ya tuta la majaribio kabla shauri halijaanza, na wafadhili wema walipokuja na siku ya kupanda miti walileta vichipukizi vya ile aina nyingine iitwayo mkoko hasa, vile virefu kama kalamu, kwa sababu huokotwa kwa urahisi na huchomekwa kwa mkono. Vilipandwa mamia. Lakini mkoko wa aina hiyo hukaa karibu na mkondo ambako maji huja kila siku. Kule nyuma, kwenye chumvi kali, pana mikandaa na mchu ambao mizizi yake ya kupumulia huchomoza ardhini kama vidole. Wazee walilisema hilo asubuhi ileile, na sherehe ikaendelea. Baada ya kiangazi kimoja tulihesabu vichipukizi vilivyobaki, na vilitosha kuhesabiwa kwa mtu mmoja bila kuandika. Mahali ambapo tuta la majaribio lilibomolewa na maji yakaachwa yapite, mchu umeanza kuota wenyewe.

Mkutano Mkuu wa pili uliitishwa kwa tangazo lililotaja uwanda kwa jina lake na mradi kwa jina lake. Mapendekezo ya mipaka mipya yalisomwa mara mbili, mara ya pili na fundi wa chumvi akielekeza kwa fimbo kwenye ramani iliyobandikwa ukutani. Mtendaji alikuwa na karatasi mbili mezani, moja ya mahudhurio na moja ya azimio, kila moja na kichwa chake kwa herufi kubwa. Yule mama alipofika mezani aliuliza ipi ni ipi. Akaonyeshwa. Akaweka dole kwenye ya kwanza, na ya pili akairudisha kwa mtendaji, akaomba asomewe tena kuanzia juu.